Hodi ya Tatu

Nchi yetu haina tatizo la nyumba. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nimeketi hapa kulalamika. Katiba, ibara ya kumi na mbili, inasema kila raia ana haki ya kuona nyumba. Zamani ibara hiyo ilisema kila raia ana haki ya kuwa na nyumba, lakini wataalamu walikaa hotelini siku tisa, wakala kuku, wakagundua kwamba maneno hayo yalikuwa yanailemea serikali. Wakayapunguza. Tangu hapo haki hiyo imetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne za juu ni raia walioona nyumba zaidi ya walizostahili.

Mimi naitwa Mama Salha. Nina stashahada ya utunzaji wa bohari, na kwa miaka kumi na minne nimetunza bohari ya chuo cha ufundi: misumari, randa, gundi, vitasa. Kazi hiyo imenifunza kwamba kitu kilichopo hushikika kwa mkono. Kama hakishikiki, hakipo, hata kikiwa kimeandikwa kwa wino mwekundu.

Mimi, mume wangu Shomari, watoto watatu na mama mkwe wangu Bi Mwantumu tulikuwa tunakaa mtaa wa Bondeni, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga marehemu baba mkwe kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Nyumba nzuri, isipokuwa masika. Masika maji huingia kwa mlango wa mbele bila hodi, hukaa siku tatu, na yakiondoka humwachia Bi Mwantumu kikohozi mpaka Juni. Daktari wa zahanati hakuzungusha maneno. Alisema, "Mtafutieni chumba kikavu chenye dirisha, au mjizoeze kukaa bila yeye." Basi hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Sikutaka ghorofa. Nilitaka chumba kikavu chenye dirisha, kabla ya masika.

*

Wizara ya Mwonekano wa Makazi ilizinduliwa uwanjani, siku ya kazi, ili kila mtu ahudhurie. Mheshimiwa Waziri alikuja na magari kumi na moja. Yeye alisimama chini ya turubai, sisi tukasimama juani, kwa sababu turubai lilikuwa la kuonwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mkoloni alikaa katika nyumba kubwa, na babu yako alipochungulia dirishani alichapwa. Je, leo nani atakuchapa ukichungulia?"

"Hakuna," tulijibu.

"Leo utaingia kwa mlango wa mbele, utazunguka kwa raha zako, utatoka kwa mlango wa nyuma. Huo ndio uhuru kamili. Nyumba si kuta. Kuta hata jela inazo. Nyumba ni mtazamo."

Shomari alipiga makofi mpaka saa ikamlegea mkononi. Mume wangu ni mtu mpole, fundi wa pampu za maji, na huiamini redio hata inapokosea saa.

"Umeelewa nini?" nilimuuliza.

"Kwamba tutapewa nyumba."

"Kasema wapi?"

"Mama Salha, wewe hata ukipewa asali utataka kwanza majina ya nyuki."

Siku hiyo hiyo kila kaya ilipewa Kitabu cha Kuona, kurasa arobaini. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Jumamosi ni Siku ya Milango Wazi. Afisa anawaongoza watu nyumba kwa nyumba, kila nyumba mhuri mmoja. Ukitimiza mihuri arobaini, unachagua nyumba moja kati ya ulizoziona, na Mamlaka, ofisi ya Wizara, inashughulikia yaliyobaki. Hiyo arobaini nilipaswa kuishtukia, maana hata mtoto wa chekechea anajua ni siku za nani. Lakini nilikuwa na kikohozi cha mtu masikioni mwangu, nikasaini.

Serikali yetu, lazima niseme, ni ya kistaarabu. Haivunji mlango wa mtu. Ipo Sheria ya Hodi, na ndani yake imeandikwa kama walivyotufundisha bibi zetu: afisa atapiga hodi mara tatu. Akijibiwa "karibu", mwenye nyumba ameridhia nyumba yake iingizwe kwenye orodha ya nyumba za kuonwa. Asipojibiwa mara zote tatu, atageuka na kwenda zake, na nyumba itafutwa kwenye orodha daima. Sheria hiyo iliposomwa, bunge zima lilisimama kupiga makofi. Nani angeogopa sheria aliyofundwa na bibi yake?

*

Afisa wetu aliitwa Bwana Kidamisi, Afisa Mwonyeshaji Daraja la Pili. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi, hata chumbani, hata tulipokuwa watatu.

Nyumba namba moja tuliiona kutoka barabarani, kwa sababu mbwa wa pale hakuwa ameelimishwa kuhusu sera. Mhuri. Nyumba namba nne ilikuwa na vyumba vinne, vitatu kati yake vijavyo. Bwana Kidamisi alitusimamisha katikati ya mahindi akasema, "Hapa mko chumba cha wageni. Tafadhali msikanyage zulia." Baba mmoja mbele yangu aliinua mguu. Mhuri. Nyumba namba tisa ilikuwa na choo juu, kizuri sana, lakini haikuwa na ngazi.

"Mtu akibanwa?" niliuliza.

"Ngazi ni suala la awamu ya pili, mama," alisema kwa kipaza sauti. "Awamu ya kwanza ni ya kuona."

Watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Wachumba walipiga picha kwenye veranda. Alikuwapo mzee mstaafu wa posta aliyekuwa ameona nyumba mia mbili na kumi, na kila alipotakiwa kuchagua aliogopa kukosea, akaanza kitabu kipya. Waziri alimvisha medali ya Mwonaji Bingwa. Mzee huyo analala kwenye banda la kuku la shemeji yake, na medali ameitundika humo. Anasema kuku wameshaizoea.

Kilichonisumbua mimi ni kochi. Kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na kochi la rangi ya kahawa, la watu watatu, na kwenye mkono wa kulia lilikuwa na alama ya kuunguzwa na pasi. Nyumba ya tatu nilinyamaza. Nyumba ya sita nilimfuata.

"Bwana Kidamisi, hili kochi si ndilo lililokuwa kule nyumba ya kwanza ya leo?"

"Makochi hufanana, mama."

"Na hii alama ya pasi?"

"Watu wengi hupiga pasi."

Kisha nikaona, upande wa pili wa barabara, pikapu ikitutangulia, na kando ya dereva bakuli la matunda ya plastiki limefungwa mkanda wa usalama. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na wenzangu wakacheka. Mtu hucheka kochi la kuazima likiwa bado halijafika kwake.

*

Nyumba namba kumi na tisa ilikuwa mtaa wa Mwinuko, juu, mahali ambapo maji hupita yakienda kwetu. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, na chumba cha mashariki kilikuwa na dirisha. Niliweka kiganja ukutani. Pakavu. Niliweka pua. Pakavu. Nilivua kanga ya juu nikapima dirisha: kanga moja kasoro shubiri. Bi Mwantumu angekaa pale asubuhi na jua lake, na tasbihi yake, na masika yangepita chini kwa watu wengine.

Nyuma ya lile kochi, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mwanamke mwembamba na watoto wawili walionyamazishwa. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na jiko la mkaa na sufuria ya kunde. Nilifunua kifuniko. Nakiri. Ndivyo nilivyo, nikiona kifuniko nafunua. Nilionja kwa kidole.

"Chumvi haijakolea," nilisema.

"Nitaongeza," alijibu. Kisha, kama mtu aliyefundwa vizuri kwao, akasema, "Karibu chakula."

"Ahsante, nimeshiba. Wewe ndiye mlinzi wa hapa?"

"Hapana. Mimi ni Mama Jokha. Hapa ni kwangu."

"Mnahama lini?"

"Ndiyo nimekaa nasikiliza. Labda ninyi mtasema."

"Mbona unaachia nyumba kavu namna hii?"

"Sijaachia, dada. Walipiga hodi, nikaitika."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Lakini wakati huo nilikuwa nakipanga kitanda cha Bi Mwantumu, kichwa kielekee wapi, na mtu anayepanga kitanda masikio yake hufanya kazi nusu. Nikasema, kwa sauti, mbele yake, "Hili jiko nitaliondoa hapa, moshi utamrudia mama."

Mama Jokha alivuta sufuria yake karibu. Bwana Kidamisi akagonga mhuri.

*

Mihuri arobaini ilitimia wiki mbili kabla ya masika. Nilikwenda Mamlaka siku ya Jumanne. Dirishani alikuwapo binti mwenye kucha ndefu.

"Umechagua?"

"Namba kumi na tisa."

"Sababu ya kuchagua?"

"Ni kavu."

"Kavu haipo kwenye fomu. Kuna mandhari, kuna hadhi, kuna mengineyo."

"Weka mengineyo."

"Mengineyo lazima mkurugenzi, na mkurugenzi yuko nje ya nchi, anaona nyumba za huko."

"Basi weka hadhi."

Hivyo kwenye kumbukumbu za taifa imeandikwa kwamba niliitaka nyumba ya Mama Jokha kwa ajili ya hadhi. Nilipewa barua ya pongezi yenye picha ya Waziri akitazama mbali. Nilirudi Bondeni natembea kama mwenye mali. Njiani nilinunua nazi mbili, tule wali wa furaha.

Nilifungua mlango. Sebuleni kwangu, limebana kutoka ukuta hadi ukuta, lilikuwapo kochi la rangi ya kahawa. Nilitazama mkono wa kulia. Alama ya pasi ilikuwapo. Bi Mwantumu alikuwa amelikalia, miguu haifiki chini, amelipakata bakuli la matunda ya plastiki.

"Mwanangu," alisema kwa furaha, "tumeletewa viti. Na matunda, ila ni magumu."

"Nani kaleta, mama?"

"Kijana mmoja mstaarabu sana. Ana kitu cha kusemea. Alipiga hodi, nikamwambia karibu. Akaandika."

"Mama. Kwa nini uliitika?"

Alinitazama kama nimemtukana marehemu mumewe. "Mtu amepiga hodi, mimi nimo ndani, mzima. Nimwache mlangoni kama mbwa?"

Nikaziweka nazi chini.

*

Jioni ile nilisoma Sheria ya Hodi yote, kurasa sitini na mbili, nimekaa kwenye mkono wa kochi. Shomari alikuwa anakwenda mlangoni na kurudi.

"Mbona unajitesa?" alisema. "Si tuna barua ya nyumba kavu? Waache wachukue hii."

"Baba Salha, bohari yoyote yenye akili haitoi kitu cha zamani kabla kipya hakijafika mkononi. Tuna barua. Hatuna nyumba. Masika yanakuja, na barua haiezeki."

Na kweli, ukurasa wa arobaini na moja nikakuta mlango. Karibu ya Bi Mwantumu ilikuwa ya awali tu. Siku ya maonyesho afisa lazima apige hodi upya, mara tatu, mbele ya mashahidi. Asipoitikiwa, anaondoka, kochi linaondoka, nyumba inafutwa kwenye orodha daima. Hatukuhitaji wakili wala pesa. Tulihitaji kunyamaza.

"Basi hiyo nyepesi," alisema Shomari.

Tulianza mazoezi siku ya Jumatano. Shomari alitoka nje, akafunga mlango, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwantumu.

"Mama, usiitike."

"Ni Shomari huyo."

"Najua ni Shomari. Usiitike."

"Nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, nimwache nje?"

Shomari akajaribu kwa sauti nzito, kama mgeni.

"Karibu baba, pita, usivue viatu, sakafu mbovu."

"Mama."

"Nimesahau."

Alhamisi ilikuwa vilevile. Ijumaa alijifunga mdomo kwa pindo la kanga, na Shomari alipopiga hodi, machozi yalimtoka Bi Mwantumu, mwili ukamtetemeka kama mtu anayezuia chafya msikitini. Lakini hakuitika. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwacha mtu mlangoni. Baadaye alimwomba Shomari msamaha, Shomari ambaye alikuwa mwanawe na alikuwa ameingia zamani.

"Mama kafaulu," niliwaambia. "Wengine wote tuna akili timamu. Kesho tumepona."

*

Jumamosi saa tatu nilibandika kunde, kwa sababu mtu akikaa bure hofu humzidi. Watoto niliwapeleka kwa jirani. Bi Mwantumu alikaa kwenye kochi, kanga mdomoni. Shomari alishika mkono wake. Mimi nilisimama karibu na jiko na mwiko wangu.

Tulisikia pikapu. Tulisikia viatu vingi. Halafu kipaza sauti kikakohoa.

"Hodi," alisema Bwana Kidamisi.

Kimya. Bi Mwantumu alifumba macho.

"Hodi hapa ndani."

Kimya. Nje watu walianza kunong'ona.

"Hawapo hawa."

"Wapo, mbona nasikia harufu ya kunde."

"Watu wa Bondeni hawana adabu, niliwaambia."

Hilo la adabu lilimchoma Shomari, nikamtolea macho, akatulia. Ilibaki moja. Nilijiona tayari nimekaa kwenye sakafu yangu mbovu, natazama pikapu ikiondoka na kochi lake. Nje Bwana Kidamisi alisema chini chini, bila kipaza sauti, "Haya, njoo wewe."

Kisha ikaja sauti nyingine. Ilikuwa ya mwanamke, imekauka, ya mtu aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Nyuma yake mtoto alikohoa, kikohozi ninachokijua, cha kifua chenye unyevu.

"Hodi jamani," ilisema. "Hodi wenyewe."

"Karibu," ikasikika.

Aliyeitikia ni mimi.

Sikupanga. Neno lilitoka kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Lilitoka zima, lenye heshima zote, na mwiko nikaushusha ili mgeni asinikute nao. Bi Mwantumu alifumbua macho. Alitoa kanga mdomoni, imelowa, akanitazama kwa mshangao.

"Mwanangu," alisema, "leo si mimi."

*

Waliingia kwa mlango wa mbele, wakazunguka kwa raha zao. Mzee wa medali aligonga ukuta akasema ni wa matofali ya kuchoma, kazi ya zamani, kisha akasema atafikiria. Bibi mmoja alipima dirisha kwa kanga. Kijana aliuliza kama mgonjwa aliye kwenye kochi amejumuishwa.

Mwenye ile sauti aliingia mwisho. Yeye peke yake alivua viatu. Alikuwa Mama Jokha.

"Kumbe wewe," nilisema.

"Mimi."

"Tangu lini unawapigia hodi?"

"Tangu Jumanne uliponichagulia kwangu, kutwa kucha. Niliona jina lako kwenye karatasi. Hadhi." Hakusema kwa hasira, alikuwa amechoka kuliko hasira. "Nilimwambia Kidamisi sina pa kwenda na watoto. Akasema watu wameanza kujifungia, hawamwitikii mwanamume, lakini mama mwenye mtoto ataitikiwa. Nikifungua milango kumi iliyokataa, narudishiwa nyumba yangu."

"Umefungua mingapi?"

"Wako wa kumi."

Alikwenda moja kwa moja jikoni. Alifunua sufuria, akachota kwa kidole.

"Kunde zako zinashika chini," alisema.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kuhusu kikohozi cha Bi Mwantumu, na daktari, na jinsi mtu anavyopanga kitanda asisikie. Kilichotoka ni kile kile.

"Karibu chakula."

Mama Jokha alikaa chini akala. Tangu asubuhi hakuwa ameonja kitu. Bwana Kidamisi aliandika, huku akisoma kwa kipaza sauti: mwenye nyumba ameridhia mara ya pili, na chakula ametoa.

*

Jumatatu, tukiwa tumeshatolewa Bondeni na kulala kwa jirani, nilikwenda Mamlaka kuirudisha ile barua. Nina ukali wangu lakini si mwizi. Nilimwambia yule binti wa dirishani, "Namba kumi na tisa siitaki. Mwenyewe ametimiza milango kumi. Mpeni."

Alipekua. "Namba kumi na tisa ina wenyewe wawili. Wewe kwa barua, yeye kwa milango."

"Mimi nimejitoa."

"Kujitoa ni mengineyo."

"Mkurugenzi hajarudi?"

"Amerudi, ameondoka. Mama, nyumba yenye wenyewe wawili ni nyumba yenye mgogoro. Nyumba yenye mgogoro inalindwa na afisa aliyegonga mhuri, ili amani idumu."

Nilipanda Mwinuko kwa miguu. Kwenye dirisha la mashariki, lile la kanga moja kasoro shubiri, zilikuwa zimeanikwa soksi za Bwana Kidamisi. Alitoka akiwa na singlendi, mswaki mdomoni. Bila kipaza sauti alikuwa na sauti ndogo kama ya mtu wa kawaida.

"Mama Salha, karibu," alisema.

"Sikupiga hodi."

"Najua. Nilitaka nikuite. Sauti ya Mama Jokha imekwisha, hapigi tena. Amechukua Kitabu cha Kuona kipya. Nafasi yake iko wazi. Ile karibu yako ya Jumamosi niliisikia vizuri. Mtu anayeitika namna ile, akipiga hodi mwenyewe hakataliwi."

"Na nyumba yangu?"

Alisugua meno kwanza. "Bondeni hakuna aliyeichagua. Wote wameandika ina unyevu. Lakini bado iko kwenye maonyesho, na nyumba ya maonyesho haikaliwi, itachakaa kabla ya kuonwa."

Nilipita kuitazama nikirudi. Mlango walikuwa wameuondoa, ili ionekane vizuri zaidi. Ilikuwa tupu, iko wazi, haitakiwi na mtu, na sisi haturuhusiwi kuingia. Wiki iliyofuata masika yalianza. Maji yaliingia kama kawaida yao, yakamaliza siku tatu peke yao.

*

Kwa hiyo sina malalamiko. Mamlaka imetupa kona katika bohari yake, mahali panapotunzwa vifaa vya maonyesho, na mimi ni mtu wa bohari, najua kupanga vitu. Ni pakavu. Hilo lazima niseme. Dirisha halina, lakini kuna picha kubwa ya dirisha, ile ambayo hutundikwa katika nyumba zisizo na dirisha, na Bi Mwantumu huielekea asubuhi na tasbihi yake. Analala kwenye kochi la rangi ya kahawa. Jumamosi alfajiri kochi linapokwenda kazini, yeye hukaa juu ya ndoo mpaka lirudi. Vumbi la lile kochi limeanza kumpanda kifuani. Usiku nalala nahesabu anavyokohoa.

Nimeajiriwa Mpiga Hodi Daraja la Tatu. Nimefungua milango saba iliyokataa. Ikifika kumi, nimeahidiwa, narudishiwa Bondeni pamoja na mlango wake. Najua yaliyompata Mama Jokha alipofika kumi. Namwona kila Jumamosi kwenye foleni na kitabu chake, na hunisalimia vizuri, hunipita.

Jumamosi hii tuko mtaa wenu. Bwana Kidamisi atapiga ya kwanza na ya pili, hizo za mwanamume msizijali. Ya tatu nitapiga mimi. Wewe unayesoma haya umefundwa kwenu, najua, na ndiyo maana nakwambia mapema: watoto wapeleke kwa jirani, usipike chochote chenye harufu, na pindo la kanga ulisokote vizuri, liingie lote mdomoni.

Nimekwambia. Nimefanya upande wangu. Sasa nami, mlangoni kwako, nitavua viatu, nitamfikiria Bi Mwantumu juu ya ile ndoo, na nitapiga hodi kwa upole kuliko hodi yoyote uliyowahi kusikia.